Barua ya Kikundi: Sema Unachotaka

Mara hii hatutaongea juu ya kuku wala juu ya mbegu. Tutaongea juu ya kalamu. Tunaomba katibu asome somo hili polepole mbele ya wanakikundi wote, kwa sababu barua ya kikundi si mali ya katibu peke yake.

BARUA ILIYOLALA KWENYE FAILI

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Mvua kubwa za mwaka 2018 zilivunja kalavati karibu na kwetu hapa Kapsoya. Maji yakachimba shimo katikati ya njia ambayo watoto hupitia kwenda shule na akina mama hupitia kwenda sokoni. Wakati huo nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha watu 23. Wenzangu wakaniambia, "Katibu, wewe umesoma. Tuandikie barua."

Nikaandika kurasa mbili kwa Kiingereza. Nilitafuta maneno magumu ili wakubwa wajue kwamba sisi pia si watu wa hivi hivi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa salamu, shukrani kwa ofisi, na historia ya kikundi tangu kianze. Ukurasa wa pili nilieleza jinsi uongozi mwema unavyoleta maendeleo. Habari ya kalavati ilikuwa mistari miwili, mwisho kabisa, na hata hapo sikusema liko wapi. Nilipoisoma katika mkutano wakapiga makofi. Ni wachache walioelewa, lakini ilisikika kama barua ya wakubwa.

Tukangoja jibu. Wapi! Tukasema serikali imetudharau.

Jioni moja ya mvua, Julai 2019, mama mmoja mwenzetu alikuwa anatoka sokoni na mzigo. Giza lilikuwa limeingia. Akatumbukia katika lile shimo, akavunjika mguu. Miezi minne hakuweza kuuza mboga zake. Kikundi tulichanga pesa za hospitali na karo ya mtoto wake, na mchango huo ulikula akiba yetu ya mwaka mzima.

Siku chache baada ya ajali tulikwenda ofisini watu wanne, tukiwa na hasira. Karani akatafuta faili. Barua yetu ilikuwepo! Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: "Wametushukuru. Iwekwe kwenye faili."

Mwenyekiti akaniangalia. Sikuwa na la kusema. Barua ilifika, ikasomwa, na ikaeleweka vile ilivyoandikwa: salamu na shukrani.

Siku hiyo hiyo tuliandika nyingine, nusu ukurasa, kwa Kiswahili. Kabla ya tarehe tuliyoitaja, walikuja watu wawili wakapima lile shimo na kuweka kizuizi. Kalavati jipya likawekwa mwaka uliofuata. Sisemi kwamba kila barua nzuri hujibiwa hivyo. Nasema tu kwamba barua isiyosema inataka nini haimpi msomaji kazi yoyote ya kufanya.

JE, NI LAZIMA TUANDIKE KIINGEREZA?

Hapana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena inasema Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi. Kwa hivyo barua ya Kiswahili ni barua rasmi kamili. Kama katibu wenu anakiandika Kiingereza vizuri na wanakikundi wanaelewa kilichoandikwa, si vibaya. Lakini msiweke sahihi chini ya maneno msiyoyaelewa. Sahihi ni kiapo.

Mji wetu huu wenyewe ulianza na barua. Kabla ya mwaka 1912, ulipopewa jina la Eldoret, watu walikuwa wanakuja kuchukua barua zao kwenye posta iliyokuwa katika shamba namba 64. Ndiyo maana mpaka leo, ingawa Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, wazee bado wanaiita Sisibo. Siku hizi barua nyingi hupita kwa kompyuta na simu. Njia imebadilika, lakini anayesoma bado ni mtu, na mtu huyo ana barua nyingine nyingi mezani.

MASWALI MANNE KABLA YA KUSHIKA KALAMU

1. Tunataka nini? Mjibu kwa sentensi moja. Kama sentensi moja haitoshi, basi hamjakubaliana, au mna barua mbili mnataka kuzifanya moja. Mkitaka kalavati na pia mnataka mafunzo ya ufugaji, andikeni barua mbili. Ombi la pili likiwekwa ndani ya barua ya kwanza hupotea, kwa sababu kila faili ina habari yake.

2. Ni nani mwenye uwezo wa kulitenda? Barua njema ikienda mlango mbaya ni bure. Kwa mfano, kuna barabara zilizo chini ya kaunti, na kuna barabara za mjini zilizo chini ya Mamlaka ya Barabara za Mijini, yaani KURA, ambayo ni ya serikali ya taifa. Usajili wa kikundi unahusu afisa wa maendeleo ya jamii. Msipojua, ulizeni kwanza kwa msimamizi wa wadi au kwa chifu. Kuuliza si ujinga.

3. Tunataka lini? Neno "haraka" halina tarehe. Andikeni siku na mwezi. Tena jueni kalenda ya pesa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Kwa sheria, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kama mnataka kazi kubwa ifanywe mwaka ujao wa fedha, barua ya mwezi wa Juni imechelewa. Sufuria imeshaepuliwa, ninyi ndio mnaleta unga.

4. Msomaji atatuuliza nini? Jibuni kabla hajauliza. Liko wapi? Lilianza lini? Limewaumiza watu wangapi? Mmejaribu nini wenyewe? Nani wa kupigiwa simu? Kila swali mnaloliacha bila jibu ni safari moja ya kurudi ofisini, na nauli mnaijua.

BARUA YENYEWE

Huu hapa ni mfano uliofanana na ile barua yetu ya pili. Jina la ofisi na la kikundi tumeyaacha wazi mjaze yenu.

    Kikundi cha ..........
    Namba ya usajili ..........
    S.L.P. .......... - 30100, Eldoret
    Simu ..........
    22 Julai 2019

    Kwa Afisa wa ..........
    Eldoret

    Bwana/Bibi,

    KUH: OMBI LA KUKAGUA KALAVATI LILILOVUNJIKA KAPSOYA

    Tunaomba ofisi yako itume fundi akague kalavati lililovunjika katika mtaa wetu, na aweke kizuizi cha kuzuia ajali, kabla ya tarehe 9 Agosti 2019.

    Kalavati liko katika njia ya .........., karibu na .......... Lilivunjika katika mvua za mwaka 2018. Shimo lina upana wa hatua tatu. Watoto wa shule hulipita kila siku. Mwezi huu mkazi mmoja alitumbukia akavunjika mguu.

    Sisi wenyewe tumejaza mawe mara mbili, lakini maji yameyachukua. Tuko tayari kutoa watu kumi wa kusaidia kazi ya mikono.

    Mwenyekiti wetu anaweza kumwonyesha fundi mahali penyewe siku yoyote. Simu yake ni ..........

    Wako mwaminifu,
    (sahihi, jina, cheo)

    Nakala kwa: Msimamizi wa Wadi

Tuangalie kazi ya kila sehemu.

Mstari wa KUH. ndio mlango wa nyumba. Msomaji akiusoma huo tu, ajue barua ni ya nini. Ukiandika "KUH: BARUA KUTOKA KWA KIKUNDI" hujamwambia kitu. Tayari anajua ni barua, na ameshaona inatoka kwa kikundi.

Ombi liko katika sentensi ya kwanza. Najua hili ni gumu kwetu. Kwa desturi zetu mtu haingii nyumbani kwa mwenzake na kusema "nipe jembe" kabla ya kusalimu na kuulizia watoto. Hiyo ni adabu nzuri, na nyumbani tuendelee nayo. Lakini ofisini, adabu kubwa ni kutompotezea mtu wakati. "Bwana/Bibi," na "Wako mwaminifu," ni salamu ya kutosha.

Habari inayofuata ni ile inayoweza kupimwa: mahali, tarehe, hesabu. "Watu wengi wanateseka sana" ni maneno ambayo kila kikundi huandika. "Mkazi mmoja alitumbukia akavunjika mguu" ni jambo la kweli, na afisa anaweza kulipeleka kwa mkubwa wake. Lakini jihadharini: msiongeze chumvi. Fundi akija akikuta shimo la hatua tatu mmeandika hatua kumi, barua yenu ijayo haitaaminiwa.

Mwisho, semeni mtafanya nini ninyi wenyewe. Kikundi cha kujitegemea hakiandiki kama mtu aliyekaa njiani na bakuli.

USIANDIKE UKIWA NA HASIRA

Kuna barua nyingine tuliyoianza siku ile ya ajali, ambayo nashukuru haikutumwa. Ilikuwa imejaa "nyinyi wezi" na "mnalala ofisini". Hasira yetu ilikuwa ya haki, lakini anayesoma matusi huacha kusoma ombi. Tena kumwandika mtu kuwa ni mwizi bila ushahidi kunaweza kuwafikisha mahakamani ninyi wenyewe. Andikeni kilichotokea, si tabia ya mtu. Badala ya "mmetudharau", andikeni "tuliandika tarehe fulani, hatujapata jibu". Kisha barua ilale usiku mmoja. Asubuhi isomwe kwa sauti na mtu ambaye hakuiandika. Pale anapokwama, hapo patengenezwe.

BARUA PEPE

Ofisi nyingi siku hizi hupokea barua kwa kompyuta. Mambo yote tuliyosema yanabaki vile vile, na haya yanaongezeka:

(a) Mstari wa mada usiachwe wazi. Uandikwe kama ule wa KUH. na uwe na jina la mahali: "Ombi la kukagua kalavati, Kapsoya".

(b) Anwani ya barua pepe iwe ya kikundi, si ya katibu. Katibu akihama, barua zote zinahama naye. Viongozi wawili wajue neno la siri. Mkitumia kompyuta ya saiba, hakikisheni mmefunga akaunti kabla ya kuondoka.

(c) Usitume barua tupu yenye karatasi iliyoambatishwa peke yake. Andika ombi lako ndani ya barua pepe yenyewe, kisha useme umeambatisha nini: picha moja ya shimo, nakala ya cheti cha usajili. Halafu hakikisha kweli umeambatisha. Wengi husahau.

(d) Usiandike yote kwa herufi kubwa. Anayesoma huona kama unampigia kelele.

(e) Unayetaka atende, mwandikie yeye. Wale wa kujulishwa tu, waweke katika sehemu ya nakala. Ukiwaandikia watu kumi sawasawa, kila mmoja atangoja mwenzake.

ARIFA YA NDANI YA KIKUNDI

Barua hutoka nje. Arifa, ambayo ofisini huitwa memo, ni ya kuambiana sisi kwa sisi. Hapa ndipo vikundi vingi hugombana bure. Mwenyekiti hutuma ujumbe wa simu: "Kesho kikao, saa 2, msikose." Aliyeusoma usiku atakuja keshokutwa. Tena saa 2 ni ipi? Mmoja atakuja saa mbili asubuhi. Mwingine, ambaye saa yake inasoma kizungu, atakuja saa nane mchana. Kisha wanaanza kuulizana nani hana heshima.

Andikeni hivi:

    KWA: Wanakikundi wote
    KUTOKA: Katibu
    TAREHE: 8 Machi 2025
    KUHUSU: Mkutano wa kuchagua fundi wa tangi

    Tutakutana Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025, saa nane mchana, nyumbani kwa mweka hazina.
    Kazi ni moja: kuchagua fundi mmoja kati ya watatu walioleta bei.
    Kila mtu aje na kitabu chake cha akiba.
    Asiyeweza kufika amwambie katibu kabla ya Ijumaa jioni.

Mistari minne tu, na hakuna wa kusema hakujua. Hata mkiituma kwa WhatsApp, iandikeni hivyo. Na kwa wale wasio na simu au wasiosoma, mtu mmoja apewe kazi ya kuwafikishia kwa mdomo, na jina lake liandikwe. Arifa ya pesa ndiyo iwe wazi kupita zote: kiasi gani, cha kazi gani, kipelekwe kwa nani, mwisho lini.

SHIKENI USHAHIDI

Barua isiyo na nakala ni kama deni lisiloandikwa. Pelekeni barua mbili zinazofanana. Moja ibaki ofisini. Ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo. Katibu awe na daftari la barua lenye safu tano: tarehe, imekwenda kwa nani, inahusu nini, nani aliipokea, jibu limekuja lini. Daftari hili likabidhiwe katibu mpya pamoja na muhuri wa kikundi. Barua pepe nayo iandikwe humo.

Jibu lisipokuja, msikae mkinung'unika kama tulivyofanya sisi. Baada ya wiki mbili, andikeni barua fupi ya kukumbusha mkitaja tarehe ya ile ya kwanza.

Sheria pia inawasaidia. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, mwananchi anaweza kuandika, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, akiuliza kwa mfano: "Je, kalavati hili limo katika bajeti ya mwaka huu, na limetengewa kiasi gani?" Ofisi ya umma inatakiwa kutoa uamuzi juu ya ombi la habari haraka iwezekanavyo, isipite siku 21 tangu ilipopokea ombi. Inaweza kuongeza muda mara moja tu, usiozidi siku 14, kama kuna habari nyingi za kutafuta. Asiyejua kuandika anaweza kusema ombi lake kwa mdomo, na afisa anatakiwa kuliandika na kumpa nakala. Mkinyimwa bila sababu, mnaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Lakini angalieni: siku hizo 21 zinahesabiwa tangu ombi lilipopokelewa. Bila ule muhuri wenye tarehe, mtaanza kuhesabu kutoka wapi?

ZOEZI LA KIKUNDI

1. Chagueni shida moja ya mtaa wenu. Kila mtu aseme kwa sentensi moja kikundi kinataka nini. Je, sentensi zinafanana? Kama hazifanani, jadilianeni mpaka ipatikane moja.

2. Tafuteni barua ya mwisho ambayo kikundi kilituma. Pigeni mstari chini ya ombi. Liko mstari wa ngapi? Lipandisheni juu.

3. Mpeni barua mtu asiye mwanakikundi, hata kijana wa shule. Akimaliza kusoma, aambiwe afunge karatasi aseme: wanataka nini, wapi, lini? Akishindwa, kosa si lake.

4. Kama hamna daftari la barua, lianzeni leo. Nani atalitunza?

Yule mama yetu alipona, ingawa siku za baridi mguu bado unamsumbua. Hajawahi kunilaumu. Lakini nikipita kwenye lile kalavati jipya huwa nakumbuka zile kurasa mbili na makofi niliyopigiwa. Ndugu katibu, ukimaliza barua yako usiulize kama ni tamu. Uliza kama anayeisoma atajua afanye nini kesho asubuhi.